Kionyeshi Kisicho na Kitangulizi: Uhakiki wa Matini za Utapeli na Tahadhari Zake katika Mazingira ya Tabata, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki matini fupi ambazo wakazi wa Dar es Salaam huzisoma kila siku bila kuzihesabu kuwa ni matini: ujumbe wa simu unaotumwa na matapeli, matangazo ya mamlaka yanayoonya dhidi ya ujumbe huo, na maandishi ya rangi yanayoandikwa kwenye kuta za nyumba ili kuwazuia wauzaji wa uongo. Mazingira ya uhakiki ni Tabata, kwa maana pana ya jina hilo kama makondakta wa daladala wanavyolitumia, kuanzia Relini na Dampo hadi Kimanga, Segerea na Kisukuru. Eneo hili la Wilaya ya Ilala limeteuliwa kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba ni eneo la wapangaji. Watu wanaoishi humo wanadaiana kwa haki: kodi ya chumba, ada ya shule, mchango wa kikoba, bei ya mzigo uliochukuliwa Kariakoo kwa ahadi ya kulipwa wiki ijayo. Matini za utapeli zinazojadiliwa hapa haziwezi kueleweka nje ya madeni hayo halali.

Hoja kuu ni kwamba dalili yenye nguvu zaidi ya utapeli katika ujumbe wa Kiswahili haiko mahali ambapo tahadhari nyingi huyaelekeza macho ya msomaji. Tahadhari humtaka atafute makosa ya tahajia, namba ngeni na ahadi ya utajiri wa haraka. Dalili hizo zipo, na zinatosha kwa ujumbe wa kumwalika mtu ajiunge na Freemason au wa mganga anayejua namba za bahati nasibu. Hata hivyo, ujumbe uliodumu kuliko yote hauahidi chochote. Dalili yake ni ya kisarufi: unarejelea jambo ambalo halijawahi kutajwa baina ya wazungumzaji wawili. Hoja ya pili inafuatana na hiyo. Kwa kutoiona dalili hiyo, baadhi ya tahadhari zimembebesha aliyetapeliwa kosa la tamaa ambalo hakulitenda, na hivyo kumwongezea sababu ya kunyamaza.

Uhakiki unaongozwa na mkabala wa upokezi wa Wolfgang Iser, hususani wazo lake kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji ndiye huyajaza. Pale inapobidi, Kanuni ya Ushirikiano ya Grice (1975) na nadharia ya matendo uneni ya Austin (1962) zinatumika kusaidia. Nadharia hizo ziliundwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu waaminifu na fasihi ya watu waliostaarabika, na hilo ndilo linalozifanya zifae hapa, kwa kuwa utapeli huishi kwa kuuiga uaminifu.

2.0 "Ile Hela": Sarufi ya Ujumbe

Ujumbe unaojulikana zaidi nchini Tanzania katika aina hii ni ule usemao, kwa tofauti ndogondogo: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja", kisha hufuata namba na jina la mtu. Ujumbe hauna salamu. Haumtaji mtumaji wala mpokeaji. Hausemi ni hela gani, kiasi gani, wala ni ya nini. Wahakiki wa ushairi wamezoea kuuheshimu ufupi wa namna hii, na hakuna sababu ya kutouheshimu hapa, hata kama mtunzi wake anastahili kifungo.

Kazi kubwa inafanywa na neno la kwanza. Kiswahili kina vionyeshi vya aina tatu: "hii" kwa kilicho karibu na msemaji, "hiyo" kwa kilichotajwa au kilicho karibu na msikilizaji, na "ile" kwa kilicho mbali. Lakini umbali wa "ile" si wa nafasi tu. Kionyeshi hicho kinapotangulia nomino, kama katika "ile hela" badala ya "hela ile", aghalabu hudokeza kwamba kitu kinachotajwa kinafahamika kwa pande zote mbili kutokana na jambo lililopita. Mtu anayesema "hiyo hela" anarejelea maneno yaliyosemwa sasa hivi, na msikilizaji anaweza kurudi nyuma katika mazungumzo akayatafuta. Anayesema "ile hela" anarejelea kumbukumbu. Humpeleka msikilizaji kwenye siku nyingine, mazungumzo mengine, ahadi nyingine, na kumwachia kazi ya kuikumbuka.

Ndipo udanganyifu ulipo. Mgeni hana kumbukumbu ya pamoja na mtu anayemwandikia. Tapeli wa Tabata, au aliyeko mkoa wa mbali akiandikia watu wa Tabata, hajui kama mpokeaji ana deni. Hajui hata kama namba aliyoiandikia inatumika. Anachojua ni kwamba ujumbe uleule ukiwafikia watu wengi, kati yao atakuwapo mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa akiwaza hela fulani aliyoahidi kuituma. Kwa mtu huyo pengo hujazwa papo hapo. Iser alimwona msomaji kuwa mshiriki katika kuumba maana. Katika ujumbe huu msomaji amekwenda mbali zaidi ya ushiriki, kwa sababu ndiye anayelitunga deni lote: kiasi, sababu, na hata sura ya mdai. Mtumaji amechangia kionyeshi na namba tu.

Sentensi ina vionyeshi viwili. "Ile" inaelekeza kwenye kitu kisichokuwapo, na "hii" inaelekeza kwenye kitu pekee cha kweli katika ujumbe mzima, yaani namba ya kupokelea fedha. Msomaji akishaikubali "ile", "hii" hupita bila kuulizwa. Kitenzi nacho kinasaidia. Mwandishi aliyetulia angeandika "itume", kwa kuwa yambwa imetangulizwa na ni mahususi. "Tuma" bila kiambishi cha yambwa ni lugha ya mtu mwenye haraka, anayezungumza huku akifanya jambo lingine. Makosa ya namna hii, ambayo tahadhari huyachukulia kuwa dalili ya utapeli, kwa kweli ni sehemu ya uhalisia wa ujumbe. Watu wanaodaiana huandikiana hivyo.

Kukosekana kwa salamu kunahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu kwa adabu za Kiswahili mtu haanzi na shida yake kabla ya kumjulia hali mwenzake. Ingetarajiwa kwamba ujumbe usio na salamu uzue shaka. Hauzui, kwa kuwa kuna hali moja ambamo salamu huachwa bila kosa: pale mazungumzo yanapoendelea. Waliokwisha kusalimiana asubuhi hawasalimiani tena saa sita. Kwa hiyo, kutokuwapo kwa salamu kunasema jambo lilelile linalosemwa na "ile", kwamba wawili hawa walikwisha kuanza kuzungumza.

Kwa mtazamo wa Grice, ujumbe huu unavunja kanuni ya kiasi, maana unatoa taarifa pungufu mno. Lakini msikilizaji mwenye ushirikiano hafikirii kwamba msemaji anakosea. Hufikiri kwamba msemaji anaamini taarifa iliyobaki inafahamika. Kadiri mtu anavyokuwa mwepesi wa kuwaelewa wenzake, ndivyo anavyokuwa karibu na mtego. Aidha, kwa mtazamo wa Austin, "tuma" ni amri, na amri haiwezi kuwa ya kweli wala ya uongo. Msomaji akiusoma ujumbe mara kumi akitafuta sentensi ya uongo, haipati. Uongo umewekwa kwenye kile kinachochukuliwa kuwa kimekubalika kabla ya sentensi kuanza, na huko si rahisi kuufikia kwa jicho la kawaida la kusoma.

Sehemu ya mwisho, "jina litakuja", ndiyo yenye ustadi mkubwa zaidi na ndiyo iliyojadiliwa kidogo zaidi. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, kutuma fedha kwa simu kumekuwa tendo la kawaida kuliko kwenda benki. Kabla ya mtumaji kuingiza namba ya siri, simu humwonyesha jina la mpokeaji. Hapo ndipo mahali pekee katika mchakato mzima ambapo matini ya tapeli hukutana na matini ya mtu mwingine. Tapeli huwahi kufika. Humwambia msomaji mapema jina atakaloliona, hivyo jina geni linapojitokeza halimshtui. Linamthibitishia kwamba alichoambiwa ni kweli. Hatua iliyowekwa ili kumlinda mtumaji imegeuzwa kuwa ushahidi wa upande wa pili.

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019 na kufuatiwa na kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, ulitarajiwa kulitibu tatizo hili kwa kuifunga kila namba kwenye kitambulisho cha Taifa cha mtu halisi. Ujumbe haukukoma. Laini inaweza kusajiliwa kwa vidole vya mtu asiyejua kwamba amesajili zaidi ya moja, ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huwahimiza wananchi kupiga *106# na kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Inapendeza kwamba kitenzi kilichochaguliwa ni "kuhakiki", kitenzi kilekile cha wasomi wa fasihi, ingawa katika simu mhakiki huulizwa tu kama matini ni yake au si yake.

3.0 Mpangaji, Mwenye Nyumba na Gharama ya Kuuliza

Mashauri ya kawaida humtaka aliyepokea ujumbe wenye shaka apige simu kwa mhusika ili kuthibitisha. Ushauri huo ni sahihi. Upungufu wake ni kwamba unachukulia kuuliza kuwa jambo lisilo na gharama, na kwa mpangaji wa Tabata kuna gharama.

Kodi ya chumba au nyumba Dar es Salaam kwa kawaida hudaiwa kwa mkupuo wa miezi, mara nyingi sita au mwaka mzima, juu yake dalali akichukua malipo yake ya mwezi mmoja. Mpangaji hukusanya fedha hizo kwa taabu, kwa mshahara, kwa mkopo wa kikoba, kwa kuuza kitu. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi uani, lakini pia anaweza kuwa Kinyerezi, Moshi au Bukoba, na kodi ikapokelewa na mdogo wake au mtoto wake. Katika hali hiyo kubadilika kwa namba ya kupokelea si jambo la ajabu. Na mpangaji aliyechelewa wiki mbili hataki kumpigia mwenye nyumba. Simu hiyo haitakuwa ya kuuliza namba. Itakuwa ya kuulizwa hela iko wapi. Ujumbe unapofika, umemletea njia ya kulipa bila kusikia sauti ya mdai, naye huishukuru njia hiyo kabla ya kuichunguza. Aliyelipa kwa namna hii amefanya hivyo kwa sababu alikusudia kutimiza wajibu wake. Fedha zikishapotea, wajibu bado upo, kwa kuwa mwenye nyumba hajalipwa.

Toleo jingine la ujumbe limejitokeza kwa ajili ya hali hii: "Mimi mwenye nyumba wako, hela ya kodi tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Kisanaa, toleo hili ni dhaifu kuliko la kwanza. Limeacha nguvu ya ukimya na kuingia katika kutoa madai, na dai linaweza kupimwa. Kipimo chenyewe kiko ndani ya lugha ya mtaa. Katika mitaa ya Tabata, watu wazima hujulikana na kujitambulisha kwa majina ya watoto wao, Mama Fulani au Baba Fulani, au kwa jina la ukoo, au kwa cheo cha heshima kama Mzee na Hajati. "Mwenye nyumba wangu" ni namna mpangaji anavyomtaja mtu huyo kwa mtu wa tatu. Mwenye nyumba mwenyewe hana sababu ya kujiita hivyo kwa mtu anayemwona kila mwezi. Ujumbe umetumia cheo kwa sababu mtumaji hana jina. Hii ni dalili iliyo wazi na inayofundishika kuliko suala la tahajia: mtu anayedai kukujua lakini anajitambulisha kwa nafasi yake tu, naye wewe hakutaji kabisa.

Dalili hiyohiyo hujitokeza katika simu ya mtu anayejiita mwalimu na kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ameanguka shuleni, anapelekwa hospitali, na inatakiwa hela ya haraka. Mwalimu huyo hasemi jina la mtoto. Mzazi kwa hofu hulitaja yeye, kwa njia ya swali, na tangu hapo mpigaji analo. Pengo ambalo katika ujumbe wa maandishi hujazwa kimoyomoyo, katika simu hujazwa kwa sauti na msomaji mwenyewe humkabidhi mtunzi. Msisitizo wa haraka hapa hauongezi taarifa yoyote. Kazi yake ni kuzuia swali moja tu lisiulizwe: mtoto gani, wa darasa gani?

Ipo pia matini inayoiga taarifa ya muamala. Mtu hupokea ujumbe unaosema amepokea kiasi fulani, ukiwa na namba ya kumbukumbu na neno "imethibitishwa", kisha hupigiwa simu na mtu mwenye unyenyekevu anayesema amekosea kutuma na kuomba arudishiwe. Kinachoigwa hapa ni utanzu mzima: ukavu wake, vifupisho vyake, na kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji. Nani amethibitisha? Katika ujumbe halali jibu ni mtandao wa simu, na jina la huduma huonekana mahali pa mtumaji. Katika ujumbe wa kuigwa mahali hapo pana namba ya kawaida, na salio halijabadilika. Matini hii haihitaji uchambuzi mrefu, kwa sababu inapimika nje yake yenyewe kwa kuangalia salio.

Kuhusu "ile hela", inafaa kutajwa kwamba msemo huo umekwisha kuingia katika utani. Mtu akidaiwa na rafiki yake humjibu "tuma kwenye namba hii", wote wakacheka. Huo ni ushahidi kwamba jamii imeitambua matini na kuipokonya sehemu ya nguvu zake, na huenda utani umefanya kazi kubwa kuliko matangazo mengi. Udhaifu wa utani ni kwamba hufundisha maneno bila kufundisha muundo. Aliyekariri maneno hayo atacheka akiyaona, kisha atalipa akisoma "kodi nilikwambia uiweke kule, sasa weka huku". Vionyeshi vimebadilika, kitangulizi bado hakipo.

4.0 "Sitapeliki": Kauli ya Kutendeka na Lawama

Kampeni ya TCRA kwa kushirikiana na watoa huduma imetumia neno moja kuwa jina lake: Sitapeliki. Ni uteuzi wenye mvuto. Neno "tapeli" lilikuwa nomino, likazaa kitenzi "kutapeli", na sasa kitenzi hicho kimenyambuliwa hadi kauli ya kutendeka na kukanushwa katika nafsi ya kwanza umoja. Linatamkika, linakaririka, na linamfanya raia ajisemee mwenyewe badala ya kuambiwa. Sambamba na kampeni hiyo kuna namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na elimu inayotolewa kuhusu kutokutoa namba ya siri ni elimu ya lazima.

Lakini kauli ya kutendeka ina tabia yake. Kiti kikivunjika, hakuna anayetajwa kukivunja; uvunjikaji unakuwa hali ya kiti. Kinachosomeka husomeka kwa sifa iliyo ndani yake. Vivyo hivyo, anayesema "sitapeliki" anaeleza sifa yake mwenyewe, kwamba yeye si wa kutapelika. Tapeli ametoweka katika sentensi. Hata kauli ya kutendwa, "sitatapeliwa", ingeacha nafasi ya kuongeza "na mtu fulani". Kauli ya kutendeka haiachi nafasi hiyo. Kinyume cha neno hili ndicho kinachoumiza: aliyepoteza fedha zake ni mtu anayetapelika. Sheria inasema kwa sarufi tofauti. Kosa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, huelezwa mahakamani kuwa ni "kujipatia" mali au fedha kwa njia ya udanganyifu, na kiambishi "ji" kinamwelekea mwizi tu. Mahakama inamwona mtendaji. Kampeni, kwa nia njema kabisa, inamwona mtendwa.

Uelekeo huo una mizizi mirefu katika simulizi. Katika hekaya ya sufuria iliyozaa, mojawapo ya hekaya za Abunuwasi, mtu humwazima Abunuwasi sufuria, naye huirudisha pamoja na sufuria ndogo akisema kubwa imezaa. Mwenyewe hupokea bila kupinga. Safari nyingine Abunuwasi hairudishi, anasema sufuria imekufa, na aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana hoja ya kukataa kwamba hufa. Hadhira hucheka pamoja na Abunuwasi. Aliyepoteza anacheka naye, au anaona haya, kwa kuwa tamaa yake ndiyo iliyomfunga mdomo. Hekaya hii ni kielelezo kamili cha mipango ya upatu wa piramidi: faida ndogo hutangulia ili ikubalike, kisha mtaji wote unakufa.

Ndivyo ilivyosomwa habari ya DECI, taasisi iliyokusanya fedha kwa maelfu ya watu wa Dar es Salaam na mikoani kwa lugha ya "kupanda mbegu" na "kuvuna", hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na baadhi ya viongozi wake kutiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Waliopoteza waliambiwa kwamba tamaa iliwaponza. Hata hapo usomaji wa tamaa hautoshi. "Kupanda mbegu" ni sitiari iliyokwisha kuzoeleka makanisani ikimaanisha kutoa kwa imani, na viongozi wa mpango huo walikuwa watu wa kanisa. Waumini hawakuisoma sitiari hiyo kama ahadi ya riba. Waliisoma kwa upeo wa matarajio waliofundishwa kila Jumapili. Kwamba wapo waliorudi kupanda mara ya tatu kwa uchu wa faida ni kweli, na makala haya hayakusudii kumtakasa kila mtu. Ila kigezo kinachomweka aliyepanda mara tatu na mpangaji aliyelipa kodi yake katika fungu moja ni kigezo kibovu cha uhakiki.

Athari yake ni ya vitendo. Anayeamini kwamba kuripoti ni kujitangaza kuwa mtu wa tamaa au mtu anayetapelika, hatakwenda kituo cha polisi wala kutuma namba hiyo kwenye 15040. Atamwambia mke au mume kwamba hela imeibiwa kwenye daladala.

5.0 "Nyumba Hii Haiuzwi"

Matini ya tahadhari iliyofanikiwa zaidi katika mazingira haya haikuandikwa na mamlaka yoyote. Ni maandishi ya rangi nyekundu au nyeusi, aghalabu yenye mkono usiotulia, yanayoonekana kwenye kuta na mageti ya Tabata na kwingineko jijini: NYUMBA HII HAIUZWI. Pengine huongezwa "Ogopa matapeli".

Kukanusha huko kunadokeza kwamba kuna mahali nyumba hiyo imekwisha kuuzwa, au imejaribiwa kuuzwa, na mtu asiyekuwa na haki. Hakuna anayeandika kwamba nyumba haiuzwi pale ambapo hakuna aliyesema inauzwa. Msomaji anayepita hupata habari yote kwa maneno matatu, na mnunuzi aliyeletwa na dalali hupata zaidi. "Hii" ya ukutani ni kinyume cha "ile" ya simu. Kinachoonyeshwa kipo, kinaguswa, na hakihitaji kumbukumbu ya mtu yeyote. Matini imewekwa mahali ambapo mnunuzi hana budi kupita, kwa maana hakuna anayenunua nyumba bila kwenda kuiona. Aidha, haizungumzi lolote juu ya tabia ya msomaji. Haimwambii asiwe na tamaa, wala haimtaki ajigambe. Inazungumza juu ya nyumba.

Kauli ya kutendwa, "haiuzwi", nayo inamficha mtendaji, na haki inataka ionyeshwe kwamba kosa lililosemwa kuhusu "sitapeliki" lisipuuzwe hapa. Tofauti ni katika sababu ya kuficha. Migogoro mingi ya namna hii ni ya mirathi, na anayeiuza nyumba kinyume cha haki anaweza kuwa kaka, shangazi au mtoto wa marehemu. Kumtaja ukutani ni kuivua nguo familia mbele ya mtaa. Kutotaja ni stara, na kila anayehusika anajua anayesemwa. Katika "sitapeliki" asiyetajwa ni mgeni ambaye hakuna haja ya kumsitiri.

Mipaka ya matini hii iko wazi. Kiwanja kitupu hakina ukuta, na ndicho kinachouzwa mara mbili. Huko mnunuzi hulazimika kutegemea matini nyingine: barua ya toleo, hati, muhuri wa serikali ya mtaa, na upekuzi kwa Msajili wa Hati, ambao wanunuzi wengi huuruka kwa sababu dalali amewaambia kuna mtu mwingine anakuja na fedha saa kumi.

Mpangaji naye hana ukuta wa kuandika. Alichonacho ni mkataba wa upangishaji, karatasi moja au mbili ambazo hutiwa saini mbele ya shahidi, na pengine mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa kawaida karatasi hizo huwa na nafasi ya majina, kiasi, idadi ya miezi na masharti ya maji na umeme. Mstari mmoja unaotaja namba ya kulipia kodi na jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo, pamoja na sharti kwamba badiliko lolote litafanywa kwa maandishi kwenye karatasi ileile, ungeipa "ile hela" kitangulizi. Ujumbe ukifika, mpangaji aliyechelewa kodi hatalazimika kumpigia simu mtu anayemwogopa, atafungua kabati.